Mboga Changa Katika Bakuli la Mtoto

Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi kwa wawakilishi wa vikundi vya akina mama na wakulima, Heru Juu, wilaya ya Kasulu



Tunawashukuru wenzetu waliotoka Kibondo, maana tunaijua barabara yenyewe na tunajua mmeamka saa ngapi. Wengi mlio mbele yetu ni akina mama. Tumekutana Heru, nchi iliyowahi kuongozwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, kwa hiyo hatutaomba radhi kwa kuleta mambo ya jikoni katika mkutano wa maendeleo. Akina baba tunawaomba msisinzie, kwa sababu yapo yanayowahusu.

Mada yetu ni matumizi ya mboga changa katika chakula cha kila siku. Ratiba ilipotoka, baadhi yenu mliuliza: mboga za majani tunazila tangu enzi za bibi zetu, sasa ofisi inakuja kutufundisha nini? Swali hilo ni la haki. Hatukuja kuleta mboga mpya. Tumekuja kuzungumzia mboga ambayo mnayo tayari, ambayo kila msimu mnaing'oa kwa mikono yenu na kuitupa kando ya tuta, wakati nyumbani kuna mtoto wa mwaka mmoja anayekula ugali wa muhogo na mchuzi wa maharage tangu asubuhi mpaka jioni.

Jina jipya, kitu cha zamani

Katika miaka ya 1980 wapishi wa hoteli za California, Marekani, walianza kupamba sahani kwa miche midogo sana ya mboga. Mbegu hupandwa kwa kusongamana katika trei, na baada ya wiki moja au mbili, mche ukiwa na majani yake mawili ya mwanzo na pengine dalili ya jani la tatu, hukatwa kwa mkasi na kuliwa bila mizizi. Mboga hizo zimeitwa maikrogrini. Leo zinauzwa katika maduka makubwa ya mijini, hata Nairobi na Dar es Salaam, na bei yake si ya mtu wa kawaida.

Ukiondoa trei na mkasi, jambo lenyewe si geni. Mkulima wa mchicha wa Dar es Salaam huung'oa mzima ukiwa na wiki tatu au nne tu na kuufunga mafungu. Huku kwetu majani machanga ya maharage huchumwa kabla mmea haujatoa maua, na nyumba nyingi za Uha, Burundi na Kagera zimelelewa kwa mboga hiyo. Kabla ya maharage kukomaa shambani, jani lake ndilo linalotangulia mezani. Ndugu zetu Wakongomani waliofika Nyarugusu tangu kambi hiyo ilipofunguliwa mwaka 1996 wanauita mchicha lengalenga, na wenye shughuli za kule mmeona jinsi familia zilivyopanda mboga kuzunguka nyumba na katika magunia ya udongo. Mgawo ulikuwa unga, maharage na mafuta. Jani la kijani mtu alijitafutia mwenyewe.

Tofauti ni moja. Sisi tumezoea kusubiri. Mchicha ukimwagwa kwenye tuta huota kama nywele, na bwana shamba anatuambia tupunguze miche ili inayobaki ipate nafasi. Anasema kweli. Lakini ile inayong'olewa wiki ya pili na ya tatu inaenda wapi? Kwa kuku ikiwa na bahati, au kwenye takataka. Hiyo ndiyo maikrogrini yetu, nayo haituletei gharama hata ya shilingi moja.

Kwa nini tunalisumbukia jambo hili

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Katika utafiti wa 2015/16 walikuwa 34. Tumesogea, lakini si sana. Utafiti huo wa 2015/16 ulikuta pia kuwa watoto 58 kati ya 100, wa miezi 6 hadi 59, wana upungufu wa damu, na wanawake 45 kati ya 100 walio katika umri wa kuzaa.

Sasa sikilizeni hili, maana ndipo watu wetu wanapojidanganya. Mwaka 2022 mkoa ulioongoza kwa udumavu haukuwa mkoa wa njaa. Ulikuwa Iringa, nchi ya mahindi, ambako zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa. Mtu anaweza kuwa na gunia ndani na mtoto aliyedumaa mlangoni. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma tuna muhogo, ndizi, mahindi na maharage, na malori yanakuja kuyabeba. Hayo yote ni mema. Lakini unga wa muhogo unampa mtoto nguvu na karibu si kitu kingine. Madini ya chuma ni machache mno ndani yake, na vitamini A haipo ya kutajika. Mtoto hushiba, hulala, na hakui.

Upungufu wa damu hauletwi na chakula peke yake. Malaria na minyoo vina sehemu yao kubwa. Kwa hiyo asitokee mtu akasema dayosisi imesema mchicha unatibu upungufu wa damu. Mama mjamzito ameze vidonge vyake vya madini ya chuma na foliki kama alivyoelekezwa kliniki. Mtoto apelekwe kupata matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Mboga hukaa pamoja na hayo, haichukui nafasi yake.

Ndani ya mche kuna nini

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland na wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima miche ya aina 25 za mboga. Kabichi nyekundu iliongoza kwa vitamini C, giligilani kwa karotini ambazo baadhi yake mwili huzigeuza kuwa vitamini A, na mchicha mwekundu ukaongoza kwa vitamini K, inayosaidia damu kuganda mtu anapojikata. Mchicha wetu, ndugu zangu, uko katika orodha ya washindi. Kwa uzito uleule, miche mingi ilikuwa na vitamini kuliko mboga iliyokomaa ya aina hiyohiyo. Vitamini C ya miche ya kabichi nyekundu ilikaribia mara sita ya ile ya kabichi iliyofunga.

Matangazo ya biashara yameshika maneno ya "mara 40" na kuyazungusha duniani. Hapo tunaomba muwe na tahadhari. Kipimo hicho kinahusu baadhi ya vitamini katika baadhi ya aina, na ni kwa uzito uleule. Nani kati yetu anakula kilo moja ya miche? Beseni zima likikatwa linajaza viganja viwili au vitatu. Mchicha uliokomaa unajaza sufuria. Kwa watu wazima wa nyumba, endeleeni na sufuria. Hatuwaambii mng'oe bustani nzima ikiwa changa.

Kwa nini basi tunaisifu miche? Kwa sababu ya mtoto mdogo. Tumbo lake ni dogo, halibebi sahani ya mboga. Jani lililokomaa lina nyuzi, analitema. Mche ni laini, hauna uchungu mwingi, unakatika vipande vidogo, na unaiva mara moja ukichemka. Viganja viwili ambavyo ni kichekesho kwa baba ni mboga ya siku mbili kwa mtoto wa miezi kumi.

Kuna faida nyingine ya muda. Mvua za kwanza zikianza, bustani bado ni tupu na maharage ndiyo kwanza yanapandwa. Kiangazi nacho, kuanzia Juni hadi Septemba, mwenye mboga ni mwenye shamba bondeni. Asiye na bonde hununua au hukosa. Beseni moja la miche linahitaji maji ya vikombe vichache kwa siku na wiki mbili za subira.

Namna ya kuotesha

Tumeleta mabeseni matatu, yako pale mezani, mtayaona wakati wa mapumziko. Ni mabeseni yaliyopasuka. Tumeyaongezea matundu chini. Ndani kuna udongo laini wenye mboji iliyoiva vizuri, kina cha vidole viwili au vitatu. Msitumie samadi mbichi, kwa sababu mboga hii inakaa karibu sana na udongo na tunaikata siku chache tu baadaye. Mbegu zinanyunyizwa kwa kusongamana, zinafunikwa na udongo mwembamba, beseni linafunikwa kwa gunia safi au jani la mgomba. Zikishachomoza, baada ya siku tatu au nne, funiko linaondolewa na beseni linawekwa penye mwanga. Mwagieni kwa mkono taratibu. Figiri huwahi, mchicha hufuata. Huku juu kwenye baridi ongezeni siku chache kuliko watu wa ziwani kule Kigoma mjini. Njegere na alizeti huloweshwa kwanza usiku kucha, na miche yake ni minene, inashibisha.

Kuhusu mbegu tuelewane. Mbegu ya kabichi ni ya dukani na ni ghali, kuipanda ili uikate baada ya siku kumi ni kuchezea fedha. Waachieni wenye hoteli. Mbegu ya mchicha haina gharama hiyo. Acheni mimea mitano tu pembeni ikomae mpaka ikauke, na mtapata mbegu za kutosha nyumba nzima na jirani. Kituo cha utafiti wa mboga kilichoko Arusha kimekuwa kikitoa aina bora za mchicha, kwa mfano ile iitwayo Madiira, ambayo ina majani mengi na huchelewa kutoa mbegu. Mkiipata ni vyema, lakini ule wa kienyeji pia unatosha kuanzia.

Hapa tuna onyo, na tunaomba aliyesinzia aamshwe. Mbegu za dukani zenye rangi ya waridi, nyekundu, kijani au buluu zimepakwa dawa ya kuua ukungu na wadudu. Hizo ni za shambani tu. Kamwe msizioteshe kwa ajili ya kukata miche na kula, na msidhani kuziosha kunatosha. Tumieni mbegu mliyoivuna wenyewe na kuihifadhi bila dawa. Akina baba, hapa ndipo mnapohusika: nyinyi ndio mnaonunua dawa ya ghalani na kuichanganya bila kumwambia mtu. Mwambieni mama ni debe lipi limetiwa dawa.

Onyo la pili: si kila mche unaliwa. Mche wa mtama una sumu, wafugaji wanajua jinsi ng'ombe anavyokufa akivamia mtama mchanga. Miche ya nyanya, bilinganya na viazi mviringo isiliwe. Jani changa la muhogo lina sumu pia likiwa bichi. Kisamvu ni kisamvu baada ya kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha, na hilo akina mama hamhitaji kufundishwa. Maharage yaliyochipua yasiliwe mabichi hata kidogo, kwani punje mbichi ya maharage huleta matapishi na kuharisha. Jani lake changa nalo lipikwe.

Na hata mboga salama ina hatari yake ikiliwa mbichi. Mwaka 2011 huko Ujerumani, nchi yenye maji ya bomba na friji kila nyumba, watu zaidi ya 50 walikufa kwa bakteria waliotokana na mbegu za uwatu zilizochipuzwa na kuliwa mbichi. Kuchipuza mbegu ndani ya unyevu na kula pamoja na punje yake ni hatari zaidi kuliko kukata mche juu ya udongo, lakini kwetu sisi, na maji yetu haya ya mtoni, ushauri wa ofisi ni mmoja: mboga ya mtoto ipikwe. Wazungu na wale mbichi kwa mapambo.

Wako wanaouliza kama kuchipuza ni jambo la kigeni. Sivyo. Kimea cha ulezi na mtama kinajulikana sana hapa, ingawa wengi wenu mnakijua kwa matumizi ambayo mchungaji hapendi tuyataje. Katika miaka ya 1980 wataalamu wetu wa lishe walifundisha kutia kijiko cha unga wa kimea katika uji mzito wa mtoto, nao ukalainika mara moja bila kuongezewa maji. Mtoto akala chakula kingi zaidi katika bakuli lilelile. Elimu hiyo imesahaulika na tunatamani irudi. Kimea kikaushwe, kisiagwe na mizizi yake, kisha uji uchemshwe upya.

Mpaka kwenye sufuria

Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, kabla ya hapo ni maziwa ya mama peke yake, pikeni uji au ponda viazi, ndizi au maharage kama kawaida. Osheni kiganja kimoja cha miche, ikateni vipande vidogo sana, itieni dakika mbili au tatu kabla ya kuepua. Ongezeni kijiko kidogo cha mawese. Basi.

Mawese tunayasisitiza. Karotini ya mboga haiingii mwilini vizuri bila mafuta, na mawese mekundu yenyewe yana karotini nyingi kuliko karibu mafuta yote tunayoyajua. Mkoa wetu umejaliwa nayo, mawese ya Kigoma yanajulikana nchi nzima. Lakini kuna watu hupenda kuyachoma motoni mpaka wekundu upotee, wakiona yamekuwa safi. Ule wekundu ndio karotini. Ukiuchoma, umebaki na mafuta matupu.

Kwa familia nzima miche inaingia kila mahali mnapotia mboga. Ndani ya maharage yaliyokwisha kuiva, ikitiwa mwishoni, hubadilisha hata harufu. Pamoja na dagaa wa ziwani na nyanya, ni mboga kamili ya ugali; dagaa pia husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye majani. Karanga za kutwanga na miche ya mchicha au majani machanga ya maharage ni chakula cha mgeni. Wanaopika chapati au maandazi ya kuuza shuleni wanaweza kukatakata ndani ya unga. Aliye na kuku achanganye na yai, na yai hilo apewe mtoto kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kuna tabia tatu zinazotupokonya faida hii. Ya kwanza ni kukata mboga kisha kuiosha, halafu kuichemsha mpaka iwe kahawia na kumwaga maji. Vitamini C imeondoka na yale maji. Ya pili ni magadi: yanalainisha haraka lakini yanaharibu vitamini, na mche hauhitaji kulainishwa. Ya tatu ni chai. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Hatukatazi chai, Mwenyekiti atatufukuza. Inywewe saa moja au mbili mbali na mlo, na mtoto mdogo asipewe. Badala yake mpeni kipande cha pera au papai baada ya kula. Mapera yanaoza chini ya miti yetu kila mwaka, na vitamini C yake husaidia chuma cha mboga kuingia.

Kuhusu majani ya maharage, akina baba huogopa kwamba kuchuma kunapunguza mavuno. Hofu hiyo ina msingi ikiwa mtu anachuma ovyo. Chumeni jani mojamoja hapa na pale, katika shamba zima, kabla ya maua; mkiona ua la kwanza, acheni. Na msichume kamwe katika shamba lililopigiwa dawa ya wadudu mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Kama lebo imefutika, msichume.

Ofisi imeandaa mbegu za mchicha zisizo na dawa, kijiko kimoja kikubwa kwa kila kikundi. Hatutagawa mabeseni, kila nyumba ina beseni lililopasuka. Tunachoomba ni kwamba kila kikundi kichague nyumba tatu zenye watoto wa kati ya miezi sita na miaka miwili, waanze nao, na mama hao wapeleke watoto kliniki kupimwa uzito na urefu kila mwezi kama kawaida, waje na kadi zao tutakapokutana tena mwezi wa tatu. Tutazisoma kadi pamoja. Kama uzito haukupanda tutatafuta sababu, inawezekana ni malaria, inawezekana ni kwamba mtoto analishwa mara mbili kwa siku wakati anatakiwa kula mara nne.

Maswali tutayapokea sasa. Akina mama wa zamu wameshatia maji motoni, na tutakata beseni la kwanza mbele yenu ili mwone linajaza viganja vingapi.